Umeiona au Umeisoma?

Chini kabisa ya tyubu ya kioo nyembamba kama chelewa pamelala unga mweupe, kimo chake milimita tatu hivi. Jicho la kulia liko kwenye lenzi, la kushoto nimelifumba. Kipimajoto kinasoma nyuzi 118 za Selsiasi. Unga umetulia. 119, bado umetulia. Ikishapita 120 unajikunyata na kujitenga na ukuta wa kioo, kama tope linalokauka juani. Halafu kwenye kona moja naona kitu kinang'aa. Ni tone, dogo kuliko ncha ya sindano. Mkono unaandika wenyewe bila jicho kuondoka kwenye lenzi: 121.6. Tone linakuwa matone, matone yanaungana, na sasa fuwele zilizobaki zinaelea ndani ya kimiminika ambacho muda si mrefu kilikuwa fuwele kama zenyewe. Inabaki moja. Inajigeuza kidogo, inakuwa nukta, haipo. 122.3.

Hiyo ni asidi ya benzoiki. Nimeitazama ikiyeyuka miaka na miaka, na mpaka leo ile fuwele ya mwisho ikitoweka moyo hunidunda. Siku hizi vifaa vingi hufanya kazi hii ya kupima joto ambapo kitu huyeyuka kwa kubonyezwa kitufe: unatumbukiza tyubu, unaondoka, ukirudi unakuta namba kwenye kioo. Sina ugomvi na vifaa hivyo, ninavyo na ninavitumia. Ila nataka kusimulia kile ambacho namba ile inakificha, kwa sababu ndicho kilichonifanya nibaki maabara.

Mara ya kwanza nilipopewa kazi hii sikutazama. Nilikuwa mwanafunzi, nina sampuli sita na saa mbili, na kitabu kilikuwa wazi mezani kikisema asidi ya benzoiki huyeyuka kwenye nyuzi 122. Nikawasha kifaa, nikashughulika na sampuli nyingine, niliporudi unga ulikuwa umeshakuwa maji. Nikaandika 122. Fundi sanifu aliyesimamia maabara ile alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyepandisha sauti. Alichukua daftari langu, akaweka kidole juu ya ile namba.

"Mwanangu, hii umeiona au umeisoma?"

Nikanyamaza kidogo. "Nimeisoma, mama."

"Basi rudi ukaione. Na ukiiona niletee namba mbili. Mimi sijawahi kuona kitu kikiyeyuka kwa namba moja."

Namba mbili. Ya kwanza ni joto ambapo tone la kwanza linaonekana. Ya pili ni joto ambapo fuwele ya mwisho inatoweka. Upana ulio kati yake ndio unaozungumza. Kitu kikiwa safi, upana huwa nyuzi moja au chini ya hapo. Kikiwa kimechanganyika na kitu kingine, hata kidogo tu, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kinaanza kuyeyuka mapema kuliko kawaida yake, na kinachukua safari ndefu mpaka kuisha. Kwa hiyo anayeniletea namba moja ameniletea nusu ya habari, tena ile nusu isiyosema kama kitu chake ni safi.

Kwa nini iwe hivyo? Mama yule hakunieleza siku ile, na nadhani alifanya makusudi. Nilikuja kuelewa baadaye, na kilichonisaidia, amini usiamini, ni Kiswahili chenyewe. Sisi tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema pia sukari imeyeyuka kwenye maji. Neno moja, mambo mawili. Walimu wa kemia huhangaika nalo sana, na wana haki: barafu inayeyuka kwa sababu ya joto, sukari inasambaa ndani ya maji bila kufika joto lake la kuyeyuka hata kidogo. Mwanafunzi asiyetenganisha haya mawili atapotea. Lakini ndani ya ile tyubu nyembamba, iitwayo kapilari, unga ukiwa na uchafu, mambo hayo mawili hukutana.

Fikiria fuwele za asidi ya benzoiki. Molekuli zake zimeshikana mbili mbili, na jozi hizo zimejipanga safu kwa safu, kila moja mahali pake. Joto likipanda zinatetemeka, zinatetemeka zaidi, mpaka mpangilio unashindwa kujishikilia. Kama safu zote ni za molekuli zilezile, kila mahali panashindwa kwenye joto lilelile, na ndiyo maana upana unakuwa mwembamba. Sasa weka mgeni humo ndani. Mgeni huyo kwa kawaida hana nafasi kwenye safu za fuwele, umbo lake halikubali. Kwenye kimiminika lakini anaenea bila shida, maana kule hakuna safu. Kwa hiyo mara tu kitone cha kwanza cha kimiminika kinapotokea, wageni wote walio jirani hukimbilia humo, na kitone hicho, kikiwa kimejaa wageni, kinaanza kuzimumunya fuwele zilizo pembeni yake. Fuwele inayeyuka kwa joto na papo hapo inayeyuka kama sukari kwenye maji. Ndiyo sababu kuyeyuka kunaanza mapema.

Kisha jambo la kupendeza linafuata. Fuwele zinavyozidi kuingia kwenye kimiminika, kimiminika kinaongezeka, lakini wageni ni walewale. Wanazidi kuwa wachache kwa uwiano. Nguvu yao ya kushusha joto inapungua, hivyo fuwele zilizobaki zinadai joto zaidi kidogo, na zaidi kidogo tena. Ule upana unaouona kwenye lenzi, kutoka tone la kwanza mpaka fuwele ya mwisho, ni huo ugeni ukizidi kuzimuliwa mbele ya macho yako.

Mfaransa Michel Eugène Chevreul alilijua jambo hili kwa mikono kabla nadharia haijakamilika. Alikuwa akichambua mafuta ya wanyama, akayagawa katika asidi zake, na kazi yake kubwa aliichapisha mwaka 1823. Baadhi ya asidi hizo zinafanana mno kwa macho: nyeupe, laini, hazina harufu kali. Angejuaje kwamba ameitenganisha moja kweli? Aliifanya iwe fuwele upya, akapima inapoyeyuka, akarudia, akapima tena. Namba ikisogea, bado kuna mgeni ndani. Ikikataa kusogea hata baada ya kusafisha tena, amefika. Asidi ya stiariki tunaijua leo kwa nyuzi 69, ya palmitiki kwa 63. Nyuzi sita tu, na vitu viwili vimetengana.

Nirudi kwenye tyubu, maana kazi yenyewe ni ya mikono na wengi huiharibu kabla moto haujawashwa.

Unga lazima uwe mkavu. Maji ni mgeni kama mgeni mwingine, na sampuli mbichi itakudanganya vibaya kuliko sampuli chafu, kwa sababu utadhani kazi yako ya kusafisha imeshindwa wakati kosa ni la haraka tu. Lazima pia usagwe laini sana. Chembe kubwa zinaacha mapengo yenye hewa, na hewa haipitishi joto vizuri, hivyo chembe zinayeyuka moja moja kila moja kwa wakati wake. Unachovya mdomo wa tyubu kwenye unga, unaigeuza, halafu unaiachia idondoke ndani ya bomba refu la kioo lililosimama wima juu ya meza. Inagonga chini, tik, inaruka, inagonga tena. Kila mgongano unaushindilia unga. Mara sita, saba. Mimi huendelea mpaka unga unapoacha kushuka. Ukijaza sana, zaidi ya milimita tatu, utapata upana mkubwa usio wa kweli, kwa sababu sehemu ya chini na sehemu ya juu hazipati joto sawasawa.

Halafu moto. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo mama yule alipokuwa akisimama nyuma ya mwanafunzi bila kusema neno. Kwenye kifaa cha pande la chuma, kipimajoto kimechomekwa ndani ya chuma, hakikuchomekwa ndani ya unga. Chuma kinapata joto kwanza, kioo kinafuata, unga unakuja nyuma. Ukipandisha nyuzi kumi kwa dakika, unga unapofika 122 chuma kimeshatangulia mbali, nawe utaandika joto la chuma ukidhani ni la unga. Dawa yake ni moja: ukikaribia, labda zikiwa zimebaki nyuzi kumi na tano, punguza moto mpaka joto lipande nyuzi moja kwa dakika. Nyuzi moja. Kwa hiyo ukitaka kuona nyuzi kumi za mwisho, kaa dakika kumi, jicho kwenye lenzi. Kama hujui kitu chako kinayeyuka wapi, tengeneza tyubu mbili: ya kwanza ipandishe haraka upate fununu, ya pili uifanye taratibu. Usitumie ile ya kwanza tena. Kitu kilichoyeyuka na kuganda huenda kimeungua kidogo, au kimerudi kwenye fuwele za sura nyingine.

Kabla ya mapande ya chuma tulitumia tyubu aliyobuni mkemia Mjerumani Johannes Thiele, na bado naiona ni mojawapo ya vitu vilivyofikiriwa vizuri sana maabara. Ina umbo la tyubu ya kawaida iliyoota mkono ubavuni, kama mkono wa kikombe. Unaijaza mafuta, unapasha moto kwenye kona ya mkono tu. Mafuta yaliyopata joto yanapanda, ya baridi yanashuka, na bila kijiko wala mota mafuta yote yanazunguka yenyewe na joto linakuwa sawa kila upande. Kapilari inafungwa kwenye kipimajoto kwa mpira mdogo, unga ukiwa sambamba na tungi ya zebaki. Zamani wengine waliijaza asidi ya salfuriki kali badala ya mafuta. Sitamshauri mtu. Hata mafuta yenyewe yana hatari yake: tone moja la maji likiingia kwenye mafuta ya nyuzi 150, yanaruka usoni.

Si kila kitu kitakubali kupimwa hivi. Sukari, kwa mfano, huanza kuvunjikavunjika na kugeuka rangi ya kahawia karibu na pale inapoyeyuka, na namba utakayopata inategemea ulipasha kwa kasi gani. Kafuri na naftalini hupenda kuruka moja kwa moja kuwa mvuke, unashangaa tyubu imekuwa tupu na juu kwenye kioo baridi zimeota fuwele. Hizo unaziba mdomo wa tyubu kwa moto kabla ya kuanza.

Siku moja mama yule alinipa tyubu mbili zisizo na majina. Nilizipima pembeni kwa pembeni. Zote mbili ziliyeyuka karibu na 133, upana mwembamba, safi kabisa. Nikamwambia kwa uhakika wote, "Mama, ni kitu kimoja."

"Una hakika?"

"Nimeviona kwa macho yangu."

Akachukua unga wa kwanza kidogo, na wa pili kidogo, akavisaga pamoja kwenye kinu kidogo cha kauri, akanipa. Tulikuwa bado mbali na 133 mchanganyiko ulipoanza kulowa. Nilikodoa macho. Unga mmoja ulikuwa yurea, mwingine asidi ya sinamiki. Kila mmoja peke yake huyeyuka karibu na 133. Ukivichanganya, kila mmoja ni mgeni kwa mwenzake, na vyote viwili vinashuka. Vingekuwa kitu kimoja kweli, kuchanganya kusingebadilisha chochote. Wakemia waliutumia ujanja huu kwa vizazi, kabla ya mashine za kusoma molekuli kuenea, kuthibitisha kwamba walichokitengeneza ndicho walichodhani. Unachanganya chako na kile kinachojulikana, unapima. Gharama yake ni tyubu moja ya kioo.

Kuna mtego humo, na ni haki niutaje. Kwa vitu viwili vya namna hii kuna uwiano fulani, huitwa yutektiki, ambapo mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la chini kuliko uwiano mwingine wowote, tena kwa namba nyembamba kama ya kitu safi. Kwa hiyo upana mwembamba peke yake haujatosha kuapia. Ndiyo maana mama hakuridhika na macho yangu.

Na kipimajoto je? Nacho kina uongo wake. Uzi wa zebaki uliobaki nje ya mafuta uko kwenye baridi, haujatanuka inavyostahili, hivyo kinasoma pungufu, na pungufu hilo linakua joto linavyopanda. Kwa sababu hiyo tunakihoji kipimajoto kwa vitu tunavyovijua: naftalini safi kwenye 80, asidi ya benzoiki kwenye 122, asidi ya salisiliki kwenye 159. Unachora mstari wa makosa yake na kuubandika ukutani karibu na kifaa. Maabara isiyo na mstari huo siiamini, hata iwe na kioo cha kidijitali chenye nafasi mbili za desimali.

Kuhojiana huku kunakwenda mpaka juu kabisa. Skeli ya kimataifa ya joto ya mwaka 1990 imesimama juu ya vitu vinavyobadili hali: bati linaloganda kwenye 231.928, zinki 419.527, aluminiamu 660.323, fedha 961.78, dhahabu 1064.18, shaba 1084.62. Angalia neno: vinavyoganda. Metali hizo hupimwa zikiganda. Galiamu ndiyo inayopimwa ikiyeyuka, kwenye 29.7646, joto ambalo kiganja chako kinalipita. Naye Anders Celsius, aliyependekeza skeli yake mwaka 1742, aliweka sifuri pale maji yanapochemka na 100 pale barafu inapoyeyuka. Ilikuja kupinduliwa baadaye kidogo.

Kuganda, basi. Kwenye karatasi kuyeyuka na kuganda ni jambo moja lililogeuzwa: kitu safi kina joto moja ambapo yabisi na kimiminika vinakaa pamoja, ukitokea juu au ukitokea chini. Kwenye benchi ni viumbe viwili tofauti kabisa. Yabisi haina namna ya kukataa kuyeyuka. Kimiminika kinaweza kukataa kuganda.

Nilijifunza hili kwa sodiamu thayosalfeti, ile yenye maji ndani ya fuwele zake. Huyeyuka karibu na nyuzi 48. Tuliiyeyusha kwenye tyubu safi iliyosimama ndani ya maji ya moto, tukachomeka kipimajoto, tukaitoa ikapoa. Kila nusu dakika mwenzangu alisoma, mimi niliandika. 55. 51. 48. Tulishika kalamu tayari. 46. 43. Kimiminika kilikuwa angavu kama maji ya kunywa. 38. Tulidhani tumepewa chupa isiyo yake. 33. 30. Fundi akaja, akachukua fuwele moja ndogo kwa kibano, akaidondosha.

Kutoka kwenye ile fuwele ilichipuka miiba myeupe, ikakimbia pande zote, ikagonga kioo, ikashuka mpaka chini. Ni suala la sekunde. Halafu mwenzangu akasema, "Inapanda!" Nikashika tyubu, ilikuwa imepata joto mkononi. Kitu kilikuwa kinaganda na wakati huohuo kinachemsha kiganja changu. Kipimajoto kilipanda kutoka 30 mpaka karibu kabisa na 48, kikasimama hapo, kikakaa, kikakaa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Joto lile lilitoka wapi? Kuvunja safu za fuwele hugharimu nishati, na nishati hiyo haionekani kwenye kipimajoto. Ndiyo maana huitwa jotofiche. Gramu moja ya barafu ya nyuzi sifuri inameza jouli 334 ili iwe maji ya nyuzi sifuri. Kiasi hicho kingetosha kuyapandisha maji hayohayo kutoka sifuri mpaka 80. Safu zikijengwa upya, deni lote linalipwa. Kadiri sehemu ya kimiminika inavyoganda, inatoa joto linalofidia lile linalopotelea hewani, na kipimajoto kinasimama palepale mpaka kazi iishe. Ukichora joto likifuata muda, ile bapa kwenye mchoro, ule mstari ulionyooka, ndio kiwango cha kuganda. Mwanafunzi anayeandika 30, kwa kuwa ndipo mahali pa chini kabisa alipopaona, ameandika mahali kimiminika kilipochelewa.

Na kwa nini kilichelewa? Kwa sababu fuwele inahitaji mwanzo. Kundi dogo la molekuli linalojaribu kujipanga lina sehemu kubwa mno ya uso ikilinganishwa na mwili wake, na uso una gharama. Makundi mengi hujipanga na kusambaratika. Linahitaji kuzidi ukubwa fulani ndipo likue, au lipate pa kuegemea: vumbi, mkwaruzo kwenye kioo, au fuwele iliyoletwa na kibano. Daniel Gabriel Fahrenheit aliliona jambo hili kwenye maji na kulieleza mwaka 1724: maji yaliyotulia ndani ya chupa, baridi chini ya kiwango chake cha kuganda, bado maji. Vitone vidogo sana vya maji safi vinaweza kushuka mpaka karibu na 40 chini ya sifuri kabla ya kukubali. Ndiyo maana unapopima kuganda unakoroga bila kuacha, na ukiona kimiminika kinashuka bila dalili, unakwaruza ukuta wa tyubu kwa kijiti cha kioo.

Kitu kichafu kinaganda kwa namna yake pia. Fuwele zinazojijenga ni za kitu kikuu, wageni wanaachwa nje, na kimiminika kinachobaki kinazidi kujaa wageni. Kwa hiyo ile bapa hainyooki. Inainama, inateremka polepole. Ni hadithi ileile ya tyubu ya kapilari ikisimuliwa kutoka mwisho kuja mwanzo.

François-Marie Raoult, Mfaransa mwingine, alikuja kuhesabu wageni hao. Mwaka 1882 alionyesha kwamba kinachoshusha kiwango cha kuganda ni idadi ya molekuli za kitu kilichotiwa. Kwenye kilo moja ya maji, gramu 60 za yurea na gramu 180 za glukosi zinafanya kazi sawa, zinashusha kama nyuzi 1.86, kwa sababu idadi ya molekuli ni ileile. Tia gramu 58.5 za chumvi ya kawaida, ushukaji unakaribia mara mbili. Chumvi imegawanyika, kila mmoja amekuwa wawili. Namba za namna hii zilikuwa miongoni mwa ushahidi aliousimamia Svante Arrhenius aliposema mwaka 1887 kwamba chumvi ndani ya maji hutengana na kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Nikifikiria kwamba kipimajoto tu na barafu vilitosha kusaidia kuthibitisha jambo hilo, kabla mtu yeyote hajaiona ayoni, nashikwa na heshima kubwa.

Hospitali hutumia kanuni hiyohiyo. Majimaji ya damu, yakishatengwa na chembe zake, huganda karibu na nyuzi 0.54 chini ya sifuri. (Hapa tena Kiswahili kina neno moja: damu ikiganda kwenye kidonda ni jambo jingine kabisa, halina uhusiano na baridi.) Kifaa kinachoitwa osmomita huchukua kitone cha majimaji hayo, hukipoza kupita kiwango chake bila kuganda, hukishtua kwa mtikiso, kisha husoma ile bapa. Ni ule ule mruko wa thayosalfeti, ila sasa daktari anautumia kujua chumvi, sukari na taka zilizomo ndani ya mgonjwa zimefikia wingi gani.

Chombo ninachokitumia sana siku hizi ni kalorimita inayolinganisha vikombe viwili vya aluminiamu, vidogo kuliko kifungo cha shati, kimoja na miligramu chache za sampuli, kingine kitupu. Vyote vinapashwa pamoja, na mashine inaandika ni kiasi gani cha joto cha ziada kile chenye sampuli kinadai. Kuyeyuka kunaonekana kama mlima kwenye mchoro; eneo la mlima ni jotofiche. Tunakihakikisha kwa metali ya indiamu, inayoyeyuka kwenye 156.6. Kwa mashine hii niliiona parasetamoli ikinifundisha somo. Fuwele zake za kawaida huyeyuka karibu na 169. Ukiiyeyusha na kuipoza haraka inakataa kujipanga, inakuwa kama kioo. Ukiipasha tena taratibu inajipanga, lakini inaweza kujipanga kwa sura nyingine, na sura hiyo inayeyuka karibu na 157. Molekuli ileile, usafi uleule, namba mbili tofauti, kwa sababu safu zimepangwa vingine. Kwa watengenezaji wa dawa hili ni jambo zito, maana sura ya fuwele huamua pia dawa itayeyuka kwa kasi gani ndani ya maji ya mwili. Ndiyo maana katika daftari langu karibu na kila namba naandika kitu kilitoka wapi: kilifanywa fuwele kwenye kimiminika gani, kilikaushwa saa ngapi.

Wiki hii nilikuwa nikipanga rafu ya vimiminika nikakuta chupa ya zamani ya benzaldehidi, kizibo kimekazwa vibaya. Shingoni kulikuwa na ukoko mweupe. Kila kitabu kitakwambia ni nini: benzaldehidi ikigusana na hewa hugeuka taratibu kuwa asidi ya benzoiki. Niliukwangua, nikaumumunya kwenye maji ya moto, nikauchuja, nikauacha upoe. Fuwele zilishuka bapa na zinazong'aa, nzuri kupita kiasi. Jana jioni, kwa papara, nilipima kidogo: 117.0 mpaka 120.5. Upana wa nyuzi tatu na nusu. Karatasi ya chujio chini yake bado ilikuwa na unyevu ukiishika.

Nimeziweka ndani ya chombo cha kukaushia, kifuniko kimepakwa grisi. Kesho asubuhi nitajaza tyubu tatu: ya fuwele hizi peke yake, ya asidi ya benzoiki ya kwenye chupa yenye lebo, na ya tatu ya vyote viwili vimesagwa pamoja. Kwenye daftari nimeandika tarehe, na mbele yake nimeacha nafasi sita wazi.